Mtindi wa Harusi ya Lutfa

Asubuhi ya harusi Mohua aliinua chungu kimoja akakiinamisha kidogo, taratibu, kama mtu anayechungulia uso wa mtoto aliyelala. Utando wa juu, mwekundu na mkavu, ulibaki mahali pake. Chini ya utando, maziwa yakatembea.

Akakirudisha. Akainua cha pili. Nacho kikatembea.

Nje ukungu wa Poush, mwezi wa baridi, ulikuwa umeufunika mji mzima wa Sherpur. Guta la mizigo lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni, na mwenyewe, mzee Kasem, alikuwa akipuliza viganja vyake.

"Tupakie, mwanangu? Ukungu wenyewe huu, nikichelewa mimi sitaiona barabara, na lori halitaniona mimi."

"Pakia, mzee. Lakini polepole. Usivitikise."

"Mtindi wa marehemu baba yako niliubeba miaka na miaka," Kasem akacheka. "Ungeweza kukipindua chungu juu chini na kisidondoke kitu!"

Mohua alijifanya anatafuta kamba.

Simu ikalia. Alijua ni nani kabla hajaitazama, maana moyo wake ulikuwa na mlio wake kwa mtu huyo mmoja tu.

"Bi Mtindi," sauti ya Zubair ikasema, nzito ya usingizi na furaha. "Umelala hata kidogo?"

"Kidogo."

"Huku hakuna aliyelala. Dada yangu Lutfa analia, wapishi wanagombana, na mama anaulizia mtindi tangu alfajiri. Nimemwambia, mama, Mohua akisema jambo, hesabu limekwisha." Akasubiri. "Mbona kimya? Kuna kitu?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno moja tu, na Zubair angewasha pikipiki yake akaenda kwenye maduka ya mtindi ya mjini, na mchana wageni wangekula, na hakuna ambaye angejua. Mohua alilifikisha neno mpaka kwenye ulimi. Kisha akaiona akilini sura ya mama yake Zubair, akalimeza.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni baridi tu."

"Basi njoo. Nimevaa ile kanzu ya kijani uliyoichagua. Ukiniona, usicheke."

"Sicheki."

Na kweli hakucheka.

Mohua alikuwa binti wa mtengeneza mtindi, ule unaogandishwa chunguni na kuliwa kwa kijiko. Baba yake alipofariki, ndugu walisema tanuri lizimwe na kiwanja kiuzwe. Yeye akakataa. Akajifunga sari kiunoni, akakaa pale baba alipokuwa akikaa, akakoroga maziwa mpaka mikono ikawa na malengelenge. Alikuwa na ndoto: mtindi wake ufike Dhaka kwenye gari lenye ubaridi, na juu ya kila chungu kuwe na jina lake. Alianza kuuza kwa simu, watu wakamjua, oda zikaongezeka. Na katika kuhangaikia pampu ya maji iliyoharibika ndipo alipokutana na Zubair, fundi pampu, kijana mpole ambaye alikuja kutengeneza pampu mbovu akaendelea kuja hata ilipokuwa nzima.

Tatizo lilikuwa mama. Hosne Ara alikuwa mjane aliyewalea watoto wake wawili kwa kushona mablanketi ya viraka, na hakuwa mwepesi wa kusifu.

"Msichana mzuri, sikatai," alikuwa amemwambia mwanawe. "Lakini ndoto zake zina mdomo mrefu kuliko mikono. Kila nikifungua simu ya Lutfa, yumo humo anahutubia. Mtindi anautengeneza saa ngapi?"

"Mama, mpe harusi ya Lutfa. Mtindi wote autengeneze yeye. Ukiharibika, sitamtaja tena mbele yako."

Hayo Zubair aliyasema kwa kujiamini, kama mtu anayeweka dau juu ya jua kuchomoza.

Kama jana yake Mohua angekaa kwenye moto, pengine hadithi hii isingeandikwa. Lakini jana palikuwa na mkutano wa wanawake wafanyabiashara mjini Bogura, kwenye hoteli yenye mapazia ya hariri, naye alikuwa ameombwa asimame jukwaani awaambie wenzake siri ya mafanikio. Aliwaza sana. Maziwa yalihitaji bado saa nyingi za kuchemka, yapungue, yawe mekundu. Akayaepua kabla ya wakati. Akayamimina vyunguni, akavipanga kuzunguka makaa, akavifunika kwa matenga makubwa na magunia. Makaa yanahitaji kutazamwa, kuongezwa, kupunguzwa, hasa wakati wa baridi. "Nitarudi upesi," akajiambia, akavaa sari ya zambarau.

Jukwaani walimpigia makofi. Baada ya makofi ikaja chai, baada ya chai zikaja picha, na baada ya picha ukaja ukungu uliolifanya basi litambae kama konokono. Aliporudi, makaa yalikuwa majivu. Akatia mengine, mengi, kwa pupa. Mtindi wa vyungu vya karibu ukakatika ukatoa maji, wa vyungu vya mbali ukabaki maziwa.

Sasa alikuwa amekaa juu ya guta, katikati ya vyungu hivyo, akielekea kwenye harusi.

*

Uwanja wa nyumba ya Hosne Ara ulikuwa umefunikwa turubai la mistari myekundu na myeupe. Harufu ya pilau na nyama ilikuwa imefika barabarani. Hosne Ara mwenyewe alisimama mlangoni, shali begani, akipokea kila kitu kilichoingia.

"Umefika," akamwambia Mohua.

"Asalaam alaikum, mama."

"Waalaikum salaam. Mtindi?"

"Uko tayari, mama."

Hosne Ara alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Sitakuficha. Mimi nilitaka kuagiza mjini. Mwanangu akaweka shingo yake kwa ajili yako. Haya, vipelekwe kule kivulini."

Zubair alikuwa upande wa pili wa uwanja, amebeba viti, kanzu ya kijani imempendeza kuliko alivyoogopa. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Akatabasamu tabasamu lile lililokuwa likimfanya Mohua asahau alichokuwa akikoroga. Leo lilimchoma. Akainama akajifanya anahesabu vijiko.

Kundi la bwana harusi likaja kutoka Naogaon na kelele zake. Likazuiwa mlangoni kama desturi, likataniwa, likatania, likaingia. Nikaha ikafungwa. Watu wakakaa kula, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila vijiko na sifa kwa wapishi. Mohua alisimama nyuma ya turubai, vidole vyake vimekunja ncha ya sari mpaka ikalowa jasho.

Kisha vyungu vya mtindi vikagawiwa mezani.

Mezani kwa wakwe palikuwa na bwana mmoja, Dulal, mume wa dada mkubwa wa bwana harusi, ambaye kazi yake katika kila harusi ilikuwa kuchekesha. Alitumbukiza kijiko, akakiinua, akatazama mtindi unavyochuruzika.

"Jamani," akapaza sauti, "leteni vikombe! Kumbe Sherpur mtindi siku hizi unanywewa."

Meza ikaangua kicheko.

"Bwana harusi," akaendelea, "shemeji yangu, ulikuja kuoa au ulikuja kukamua?"

"Labda ng'ombe yuko nyuma ya turubai," mwingine akadakia. "Wamemleta moja kwa moja!"

"Changu kina maji juu na mchanga chini," bibi mmoja akasema, akisukuma chungu chake mbali. "Sijui nile au nifulie."

Upande wa bibi harusi hakuna aliyecheka. Katika wilaya hii ya Bogura mtu anaweza kusamehewa nyama ngumu, anaweza kusamehewa wali ulioungua, lakini mtindi ndio jina la wilaya. Wajomba wa Lutfa walitazama sahani zao. Ndipo msichana mmoja wa Naogaon, mwenye bangili mpaka viwikoni, akasema, "Hebu ngojeni. Huu si mtindi wa yule dada? Yule wa jana? Nimemwona kwenye simu asubuhi hii hii!"

Akaitafuta video, akaiinua simu juu. Sauti ya Mohua, nyororo na yenye kujiamini, ikajaa chini ya turubai:

"...ndoto haimngoji mtu asiyejiandaa, dada zangu. Mimi siondoki kwenye moto wangu mpaka chungu cha mwisho kigande..."

Makofi ya jana yakalia ndani ya simu. Nje yake, kicheko kikalipuka mpaka wapishi wakaja kuchungulia.

"Rudisha! Rudisha hapo pa chungu cha mwisho!" Dulal akasema, machozi yakimtoka. "Labda kilichoganda ni hicho cha mwisho, sisi wametuletea vya kwanza!"

Mohua alirudi nyuma hatua moja. Alitamani ardhi impokee. Lakini kilichomuua hasa kilikuwa bado hakijaja. Hosne Ara alisogea mbele ya meza ya wakwe, akaunganisha viganja vyake kifuani, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiomba.

"Wageni wangu, nisameheni," akasema. "Ni kosa la nyumba yangu."

Hakugeuka kumtazama Mohua. Hakumtaja. Kicheko kikapungua, kikafa kwa aibu. Ami mkubwa wa bwana harusi akasema, "Si neno, bibi, harusi ni watu," ila chungu chake alishakisukuma pembeni. Na upande wa wanawake, chini ya shela lake jekundu, mabega ya Lutfa yakawa yanatikisika.

*

Zubair alimkuta Mohua nyuma ya jiko la nje, kati ya masufuria makubwa yaliyokuwa yakiloweka.

"Ni maziwa, Zubair," Mohua akaanza kabla hajaulizwa. "Yule muuzaji ametia maji, nina hakika. Na ile baridi ya jana, hata moto..."

"Mohua."

"...hata mafundi wakubwa wa mjini jana lazima yaliwaharibikia..."

"Mohua. Niangalie."

Akamwangalia. Hakukuta hasira. Angekuta hasira angejua pa kujishika.

"Asubuhi nilipokupigia," Zubair akasema, "ulikuwa unajua?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye sufuria moja.

"Ulikuwa unajua," akasema tena, polepole, na safari hii halikuwa swali. "Nilikuuliza, kuna kitu? Ukaniambia ni baridi tu."

"Niliona aibu."

"Aibu!" Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ungeniambia asubuhi, ingekuwa aibu ya watu wawili. Tungegawana. Ningekwenda mjini, ningerudi, ningekutania mwaka mzima, basi. Sasa aibu hiyo umemvisha mama yangu. Umemvisha Lutfa, na yeye ndiye anayekwenda kuishi na wale watu. Wewe unarudi kwako. Yeye atakuwa anakaa meza moja na Dulal mpaka azeeke."

"Zubair, nilidhani utando utashika, nilidhani labda hawata..."

"Ulikwenda mkutanoni?"

"Walinialika. Nilisema nitarudi upesi. Zubair, ni mara moja katika maisha mtu anaitwa jukwaani, mtu kama mimi, binti wa..."

"Na harusi ya dada yangu ni mara ngapi?"

Zubair akajifuta uso kwa kiganja.

"Unajua mimi nilimwambia nini mama? Sikumwambia wewe ni mzuri. Sikumwambia nakupenda, hayo anayaona. Nilimwambia, huyu ni mtu wa kazi. Nililisema hilo mbele ya wajomba wote. Umenifanya muongo, Mohua."

"Nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Sijui. Leo sijui." Akatazama pembeni. "Nenda nyumbani."

"Unaniacha?"

"Nakwambia nenda nyumbani! Dada yangu anaondoka sasa hivi na sijamuaga."

Akaondoka, mgongo wa kanzu ya kijani ukapotea katikati ya watu.

Mohua angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma. Mzee Kasem alikuwa akimngoja huko, amegeuza uso kwa heshima. Alipiga hatua kuelekea huko, kisha miguu ikakataa. Aliwaza viganja vile viwili vilivyounganishwa kifuani. Akageuka, akajipenyeza chini ya turubai mpaka kwenye meza ya wakwe, na watu walipomtambua wakageuka mmoja mmoja.

"Samahani," akasema. "Mama huyu amesema kosa ni la nyumba yake. Si kweli. Kosa ni langu. Niliacha moto, nikaenda kusifiwa. Asubuhi nilijua haujaganda na bado nikauleta. Nyumba hii haikujua. Bibi harusi hakujua. Mkicheka, nichekeni mimi."

Dulal akaweka kijiko chake chini. Msichana wa bangili akaiweka simu yake mapajani.

Hosne Ara alikuwa amesimama palepale.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi pisha njia. Bibi harusi anatoka."

*

Baada ya siku hiyo jiko la Mohua lilinyamaza. Wateja waliokuwa wakipiga simu waliacha. Waliopiga walikuwa wanawake wa mkutano, wakitaka kumwalika tena, hakupokea. Kile kipande cha hotuba alikifuta, ingawa alijua kimeshasambaa na hakifutiki. Kila jioni aliisikia pikipiki ikikaribia kwenye kona ya mtaa, ikisimama, kisha ikigeuka. Alijua mlio wa pikipiki hiyo kama anavyojua mlio wa maziwa yakianza kupanda. Hakutoka nje kuitazama. Angetoka na uso gani?

Alichofanya ni kununua maziwa. Machache. Akayaweka motoni, akakaa. Hakuna aliyekuwa ameagiza. Alikoroga kana kwamba anajifunza upya, akisikia tena maneno ya jukwaani, na kila neno likimrudia na meno. Chungu cha kwanza kiliganda vizuri. Hakufurahi. Akampa jirani, akaanza tena.

Alasiri moja maziwa yakiwa yamefika pale pagumu, pale ambapo mtu akiacha mwiko kwa kukohoa tu yanashika chini, mlango wa ua ukafunguliwa. Mohua akageuza kichwa. Hosne Ara alikuwa amesimama hapo, shali kichwani, mkononi amebeba sufuria za kupandana zenye kishikio.

Adabu ilimtaka ainuke, avute sari kichwani, amkaribishe, amtafutie kiti. Maziwa yalimtaka akae. Alinyanyuka nusu, mwiko ungali mkononi, hajui aende wapi.

"Kaa," Hosne Ara akasema.

"Mama, karibu, naja, ngoja ni..."

"Kaa hapo hapo. Hayo yakiungua utasema ni mimi."

Mohua akakaa. Hakuthubutu kuinua macho. Aliona tu ncha ya sari nyeupe ikikaribia, ikisimama ng'ambo ya moto.

"Zubair nimemkataza kuja hapa," Hosne Ara akasema. "Kwa hiyo kila jioni anakuja mpaka kona anarudi, anadhani mimi ni kipofu na kiziwi. Petroli yote inaishia hapo. Leo nikasema nije mimi."

"Mama, nisamehe. Mimi sina hata..."

"Sikuja kwa hayo. Umekula?"

Mohua akakoroga.

"Nimekuuliza, umekula?"

"Bado, mama."

"Leo tu, au tangu harusi?"

Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka siku zote hizo, mbele ya Dulal, mbele ya Zubair, yakachagua kutoka sasa. Mohua akageuza uso yasidondokee ndani ya maziwa. Hosne Ara akaweka sufuria zake juu ya jiwe. Akakunja shali, akachomeka sari kiunoni, akazunguka moto.

"Nipe mwiko."

"Hapana, mama, moshi utaku..."

"Nipe. Kuna wali na samaki humo, vingali moto. Kaa pale ule. Nielekeze tu. Nikoroge kwenda kulia au kushoto?"

"Chini, mama," Mohua akasema, kwa sauti ambayo hakuitambua. "Ukwangue chini, yasishike."

Hosne Ara akakwangua chini. Alikoroga vibaya, kama mtu anayefua, lakini hakuacha. Mohua akafungua sufuria, akanawa, akala. Kila tonge lilipita kooni na aibu yake, na kila tonge lilipopita aibu ilikuwa ingali pale, ila haikuwa peke yake tena.

Moshi ukawageukia wote wawili. Hosne Ara akapepesa macho, akajifuta kwa bega.

"Nikoroge mpaka lini?"

"Mpaka yawe mekundu, mama. Bado sana."

"Haya," Hosne Ara akasema bila kugeuka. "Basi kula taratibu. Mimi sina haraka."